Profesa aliyegundua upweke wa waume wa Mji wa Kale

Ni nani hasa mwenye usemi katika nyumba, mume au mke? Swali hili limejadiliwa barazani, ndani ya matatu, arusini na hata matangani, na mara nyingi jibu huwa ni lile lile: mwenye mfuko ndiye mwenye neno. Mume ndiye anayeleta unga, ndiye anayelipa kodi na karo, basi ndiye anayeamua. Akina mama nao hutabasamu wakisikia hivyo, wala hawabishi. Tabasamu hilo ndilo linalonipa mada ya leo.

Msomaji mpendwa, nataka tumtazame profesa mmoja aliyelichukua swali hilo kwa uzito kuliko wengi wetu. Aliliuliza katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa kuanzia katikati ya miaka ya 1970, akarudi tena na tena, akaandika makala na hatimaye kitabu kizima. Jibu alilolipata si lile la barazani, na nadhani waume wengi wakilisoma watakaa kimya kidogo kabla ya kulipinga.

Jina lake ni Marc Swartz, Mmarekani, aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha California mjini San Diego mpaka akastaafu. Taaluma yake ilikuwa anthropolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya wanadamu, lakini idara aliyofundisha, ambayo ilianzishwa mwaka 1968, ilipata sifa kwa kuiunganisha elimu hiyo na saikolojia. Hapo San Diego hawakutosheka kuuliza watu wanafanya nini. Waliuliza pia wanafanya hivyo kwa kusukumwa na nini moyoni.

Kwa wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, safari ya mtu huyu kabla ya kufika Mombasa inafaa kutazamwa. Kazi yake ya mwanzo ilihusu kisiwa kidogo kinachoitwa Romonum, huko Truk katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1958 aliandika juu ya mapenzi na uhasama wa wakazi wake. Baada ya hapo akaja kwetu Afrika Mashariki, kwa Wabena wa Njombe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Tanganyika ilipokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Huko alitaka kujua kitu ambacho wanasiasa wetu pia wangependa kukijua: kwa nini mwanakijiji amtii kiongozi ambaye hana askari wa kumlazimisha wala fedha za kumhonga? Mwaka 1966 yeye na wenzake wawili, Victor Turner na Arthur Tuden, walitoa kitabu kuhusu siasa kilichosomwa sana katika vyuo vikuu, na miaka miwili baadaye akahariri kingine juu ya siasa za vijijini na mitaani. Pamoja na mwenzake David Jordan aliandika pia vitabu vya kufundishia wanafunzi wanaoanza masomo ya anthropolojia.

Basi huyu ni mtu aliyeanza na mapenzi, akaendelea na utawala, kisha akafika mahali ambapo hivyo viwili hulala chini ya paa moja: nyumba ya watu waliooana.

Alipofika Mombasa hakwenda kwenye mahoteli ya ufuoni. Alijiunga na watu wa Mji wa Kale, wale wa Thelatha Taifa na Tisa Taifa, ambao kwa pamoja ndio zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa. Anayeijua mitaa kama Kibokoni na Kuze anajua ni mahali pa namna gani. Nyumba zimebanana hata ukikohoa jirani anakuombea afya. Njia ni nyembamba, milango ni ya nakshi, na nje ya nyumba nyingi kuna baraza la mawe au la saruji ambapo wanaume huketi. Ndani, nyuma ya pazia, kuna ulimwengu mwingine ambao mwanamume mpita njia husikia kicheko chake tu.

Kwanza alitazama mambo yaliyo wazi. Kwa sheria na kwa dini, mume alikuwa na kila kitu mkononi. Talaka ni neno la mume. Fedha zilikuwa zake, kwa kuwa wakati huo wake wengi hawakuwa na kazi ya mshahara. Kutoka nje kulihitaji ruhusa yake. Angehesabu nguvu za mume na nguvu za mke kama mtu anayehesabu magunia bandarini, mke angebaki na gunia tupu.

Lakini kulikuwa na arusi.

Wasomaji wa bara huenda wakahitaji maelezo hapa. Arusi ya kale ya Mombasa haikuwa jambo la siku moja. Kulikuwa na kutia hina, kulikuwa na ngoma ya vugo, kulikuwa na siku ya bibi arusi kupambwa na kuonyeshwa mbele ya wanawake wenziwe, kisha kulikuwa na fungate la siku saba. Wanaume kazi yao ilikwisha mapema: huenda msikitini, mume huozeshwa, watu hunywa kahawa na kula halua, wakaombeana dua na kutawanyika. Yaliyobaki yote yalikuwa ya akina mama, na gharama zake zilikuwa za akina baba. Leso za sare zilinunuliwa, masufuria ya pilau yakapangwa, wapambaji wakalipwa, dhahabu ikatafutwa hata kama ni ya kuazima. Masheikh walikemea ubadhirifu huo, waume walinung'unika, wengine wakaingia madeni. Kisha walilipa.

Ni hapo profesa alipopata fumbo lake. Mtu mwenye fedha, mwenye talaka na mwenye sheria upande wake analipia jambo asilolipenda, lisilomhusu, na ambalo hata kulihudhuria haruhusiwi. Kwa nini?

Jibu rahisi ni fahari, kwamba mume huchelea kuonekana bahili. Swartz hakulikataa jibu hilo, kwa maana alijua vizuri nafasi ya aibu na fedheha katika mji huu. Sura moja ya kitabu chake inalinganisha ndimi za watu na mikuki. Lakini aliona kwamba fahari peke yake haitoshi. Alipochunguza zaidi, alifika kwenye jambo ambalo ndilo moyo wa makala yake ya mwaka 1982, yenye kichwa kinachotaja kutengwa kwa wanaume na furaha ya wanawake. Alisema hivi kwa ufupi: mume wa Mji wa Kale hana mtu mwingine wa kumfariji duniani isipokuwa mkewe, na mke analijua hilo.

Hebu tulitafakari kidogo, maana hapa ndipo penye nyama.

Tazama baraza lolote baada ya sala ya alasiri. Wazee wameketi, muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, na mazungumzo yamekolea. Wanazungumza siasa, bei ya samaki, kabumbu, nani kafariki na anazikwa saa ngapi. Muulize mmoja habari za nyumbani. "Alhamdulillahi, wazima," atakujibu, na hapo amefunga mlango. Mkewe huenda amelazwa, mwanawe amefukuzwa shule, na yeye mwenyewe hajapata usingizi siku tatu. Jibu ni hilo hilo. Watu wanaoketi pamoja kila siku kwa miaka 30 wanaweza kuzikana bila ya mmoja kuwahi kumwambia mwenzake kwamba anaogopa jambo fulani.

Sababu ni hishima, kama wasemavyo wenyewe Mombasa. Mwanamume wa hishima alitakiwa ajitegemee, asilalamike, asionyeshe kwamba ana haja na mtu. Mtoto wa kiume akiwa mdogo alilelewa miongoni mwa wanawake, akabebwa, akabembelezwa na kucheka nao. Alipokua kidogo aliambiwa atoke, asikae na wanawake, aende nje kwa wenziwe. Huko nje alikuta watu wa kushindana nao na kutaniana nao, lakini hakukuta wa kumbembeleza. Joto alilolizoea utotoni likabaki nyuma ya pazia. Akioa ndipo pazia lile linapofunguliwa tena, na anayelishika ni mtu mmoja tu.

Sasa mtazame mke. Yeye hakuwahi kutolewa nje ya joto lile. Ana mama yake, ana dada zake, ana mashangazi, ana majirani wanaoingia kwa mlango wa uani bila ya kupiga hodi kubwa, na ana shoga zake. Hata lugha yetu imemtengenezea neno. Shoga, kwa maana yake ya asili ya pwani, ni mwanamke mwenzako unayemwambia yaliyo moyoni. Jaribu kutafuta neno la wanaume lenye uzito huo. Rafiki ni mtu yeyote, na sahibu ni wa kutembea naye. Mke akigombana na mumewe asubuhi, kabla ya adhuhuri ameshalia, amepozwa, amepewa shauri na ameshacheka. Mume aliyegombana naye amekwenda kazini na donge lake, amerudi nalo, na baada ya sala ameketi nalo barazani akizungumza bei ya changu.

Kwa hiyo mke akinuna, anayeumia zaidi ni nani? Yeye ana milango kumi ya kupata faraja, mume ana mmoja, nao umefungwa. Hilo, kwa maoni ya Swartz, ndilo lililofungua mifuko kwa ajili ya arusi na hafla za akina mama. Mume hakushindwa kwa hoja wala kwa vitisho. Alilipa ili arudi nyumbani akute uso mkunjufu.

Mwaka 1991 Swartz alitoa kitabu alichokiita "The Way the World Is", yaani namna ulimwengu ulivyo, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha California. Jambo la kupendeza ni kwamba sura zake kadhaa zina vichwa vinavyotokana na methali zetu. Imo nazi na udugu wake wa kukutana chunguni. Imo akili ambayo ni nywele, kila mtu na zake. Imo pia ile isemayo kwamba mke ni nguo na mgomba ni kupalilia. Waume wengi huitumia hii ya mwisho kwa kujigamba, kana kwamba inamfanya mke kuwa kitu cha kununuliwa. Ukiifikiri utaona inamtwika mume mzigo: nguo hununuliwa tena na tena, na mgomba usiopaliliwa hauzai. Profesa aliweka chini ya methali hiyo sura inayohusu siasa za ndani ya familia, na nadhani alichagua vizuri.

Ile ya akili ni nywele nayo ina kisa chake, na wanafunzi wataipenda. Walimu wengi wa anthropolojia walikuwa wakifundisha kwamba mila ni kitu ambacho watu wa jamii moja wanakishiriki wote. Swartz alilipima hilo kwa kuwauliza watu wa nyumba moja, baba, mama na watoto, maswali yale yale kuhusu maisha yao. Majibu hayakulingana kama nadharia ilivyotaka. Watu waliokula sinia moja kwa miaka mingi walikuwa na fikira mbalimbali juu ya mambo ambayo mgeni angedhani yamekubaliwa na wote. Hata hivyo nyumba zilisimama na mji ukaendelea. Akasema kwamba si lazima kila mtu ajue kila kitu. Inatosha kila mmoja ajue nafasi yake, amwamini mwenzake katika yake, na aogope kidogo maneno ya watu. Mimi naona kwamba hapo alisema ukweli kuhusu ndoa kuliko vitabu vingi vya ushauri nasaha, ambavyo hutaka mume na mke wakubaliane kwa kila jambo kabla ya kiamshakinywa.

Lakini sitaki msomaji adhani kwamba ninakubali yote. Neno "furaha" katika kichwa cha ile makala ya 1982 linanikwaza. Furaha ya mke gani? Yule ambaye mumewe ana kitu mfukoni na ana moyo wa kukitoa, sawa. Mke ambaye mume wake hana, au anacho na anakitia kwengine, kununa kwake hakutamletea hata leso moja. Na yuko yule ambaye akinuna hupigwa. Uzito wa kununa unategemea kwamba mume anaujali uso wa mkewe. Mume asiyeujali hana upweke huo, au anautibu kwa kuoa wa pili.

Tena profesa alikuwa mwanamume na mgeni. Pale nyuma ya pazia, katika mji wa namna ile, palikuwa mahali pagumu kwa mtu kama yeye kuketi na kusikiliza. Bahati nzuri ni kwamba wako waliopata kuketi.

Margaret Strobel, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, alitoa mwaka 1979 kitabu juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kuanzia 1890 hadi 1975. Humo tunawakuta wanawake wa vyama vya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vyama vyenye vyeo, mashindano, karamu na kusaidiana wakati wa arusi na misiba. Ukisoma habari za vyama hivyo unaelewa kwamba zile shoga na jirani hazikuwa mazungumzo ya uani tu. Zilikuwa taasisi. Mwanamke aliyeachwa na mumewe alikuwa na watu wa kumsimamia, na mji mzima uliwajua kwa majina ya vyama vyao. Wanaume wa Mombasa nao walikuwa na vyama, vya siasa na vya kandanda, ila sijasikia chama ambacho mwanachama wake alikwenda kulia.

Strobel huyo huyo, pamoja na Sarah Mirza, walikusanya maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wakayachapisha kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina "Wanawake watatu wa Kiswahili". Hao ni wanawake waliozaliwa katika hali tofauti, kuanzia ukoo wa wenye mji hadi kizazi cha watumwa, na wanasimulia wenyewe ndoa zao, talaka zao na ngoma zao. Ndoa kwao haikuwa mlango unaofungwa mara moja. Iliingiwa, ikatokwa, ikaingiwa nyingine. Anayedhani kwamba talaka ni ugonjwa ulioletwa na televisheni na awasikilize mabibi hawa.

Na kuna chumba kingine ambacho Swartz hakukitilia mkazo, nacho ni mahakama ya Kadhi. Mwanaanthropolojia mwingine wa Marekani, Susan Hirsch, alifanya utafiti wake katika mahakama za Kadhi za pwani katika miaka ya 1980, na mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Chicago kikachapisha kitabu chake "Pronouncing and Persevering". Kichwa hicho kinataja mambo mawili: kutamka na kusubiri. Mume ndiye anayetamka talaka, na mke ndiye anayesubiri, akavumilia, akafunika siri za nyumba. Hivyo ndivyo watu wanavyotarajia mambo yawe. Hirsch aliketi mahakamani akasikiliza, na alichokikuta ni kwamba wengi wa wanaoleta kesi ni wanawake hao hao wanaosemekana kuwa ni wa kusubiri tu, na kwamba mara nyingi wanashinda.

Ili ashinde ilimbidi mke avunje lile aliloambiwa tangu siku ya arusi yake, asitoe siri ya nyumba. Ilimbidi aketi mbele ya Kadhi na karani, na mumewe papo hapo, akasimulia habari za masurufu yasiyoletwa, za kutelekezwa, za kupigwa. Wake wengi walisimulia vizuri sana. Mume mara nyingi alikuwa na maneno machache na ya mkato. Hirsch aliliangalia jambo hili kama mtaalamu wa lugha na sheria, lakini ukiliweka pembeni ya lile la Swartz linapata maana ya zaidi. Mke amekuwa akisimulia maisha yake kwa shoga na dada miaka yote. Amezoea. Mume ndiyo kwanza ameulizwa kwa mara ya kwanza, tena na hakimu.

Mahakama hizo bado zipo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, imezihifadhi kwa mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi, pale wahusika wote wanapokuwa Waislamu na wanaikubali mamlaka ya Kadhi. Mke mwenye shida hahitaji kusoma kitabu cha profesa yeyote ili ajue njia ya kwenda huko.

Sasa tuje kwa waume wa leo, maana ni juu yao ninapokuwa na wasiwasi. Mji wa Kale haumo tena katika hali ile ya miaka ya 1970. Familia nyingi zimehamia Majengo, Tudor, Bombolulu, Kisauni, katika fleti ambazo hazina baraza wala mlango wa uani. Wake wengi wana kazi. Binti amesoma mpaka chuo kikuu, ana mshahara wake na hamngojei mtu amnunulie leso. Vyama vya lelemama vimebaki katika kumbukumbu za mabibi, lakini wanawake wamepata vingine: chama cha kuchangiana kila mwezi, kikundi cha simu cha wanafunzi wenzao wa zamani, darsa za msikitini. Ile mitandao yao imebadili nguo tu.

Mwanamume amepoteza hata lile baraza, ambalo halikuwa la kusemea siri, lakini angalau mtu asiyefika siku mbili aliulizwa. Kwenye fleti ya ghorofa ya nne hakuna anayekuuliza. Kazi ikiisha, kwa kustaafu au kwa kufutwa, mume anakaa sebuleni na rimoti. Mke akifariki kabla yake, watu hushangaa kumwona mzee aliyekuwa imara akidhoofika mbele ya macho yao. Wanasema ni uzee. Kwa hesabu ya Swartz, mzee huyo amezika watu wawili kwa siku moja: mke, na mtu pekee aliyewahi kumwambia ukweli.

Kisha kuna hili la Ughaibuni. Tangu miaka ya 2000 wanawake wengi wa pwani, na wa bara pia, wamekwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mengi yamesemwa juu ya mateso yao huko, na yanastahili kusemwa. Machache yamesemwa juu ya nyumba walizoziacha. Fedha za nyumba hiyo sasa hutoka kwa mke, zikiingia kwa simu mwisho wa mwezi. Karo inalipwa naye, mabati yananunuliwa naye, na akiwa Riyadh ndiye anayeamua kama kijana wa tatu atakwenda bweni au la. Mume amebaki na watoto, na pengine na mama mkwe ambaye binti yake humpigia simu kwanza kabla ya kumpigia yeye.

Lile fumbo la 1982 limepinduliwa chini juu. Zamani mume alikuwa na mfuko na mke alikuwa na sikio la kumsikiliza, wakabadilishana, mmoja akitoa fedha na mwingine akitoa faraja. Katika nyumba hii mfuko umehamia kwa mke, na sikio limesafiri naye. Mume amebakiwa na nini cha kutoa? Baadhi yao huoa tena, wengine huingia katika miraa na zaidi ya miraa. Wako pia wanaolea watoto vizuri kuliko walivyotarajiwa, wakajifunza kusuka nywele za mabinti na kupika mbaazi, na hawasemi lolote juu yake barazani kwa kuwa wanaona haya.

Utafiti juu ya waume hawa, wa nyumba kwa nyumba na wa miaka kadhaa kama ule wa Swartz, ungefaa ufanywe na watu wetu wenyewe. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hahitaji kuvuka bahari wala kujifunza lugha. Nauli yake ni ya matatu na mlango anaujua. Shida yake itakuwa moja. Akipiga hodi, wanawake wa nyumba hiyo watamkaribisha, watampa chai na mahamri, na watamwambia yote kabla hajatoa kalamu. Akimtafuta mwenye nyumba ataambiwa, "Alhamdulillahi, tuko salama," na itambidi arudi kesho, na kesho kutwa, tena amkute peke yake.